Funda la Maji

Ndugu yangu mdogo aliileta picha ile Jumamosi iliyopita, imefungwa kwenye blanketi kuukuu, imelazwa juu ya mbao na mabati ndani ya lori la kukodi. Hakupiga simu kwanza. Alishuka, akajipangusa jasho, akasema, "Dada, nyumba ya Nyanya tumemaliza kuibomoa. Hii sikujua niipeleke wapi." Mimi ni mtu mzima, rafiki yangu. Nimestaafu uuguzi, magoti yananiuma, na nyumba yangu hapa Voi ina vyumba viwili na mama mzee wa kuogeshwa, kulishwa na kusikilizwa. Sasa naongezewa mtu mwingine wa kukaa sebuleni. Nasema mtu kwa sababu picha ile ni mtu, ukiishi nayo utaona.

"Iweke pale," nikasema, maana nilikuwa nimechoka kubishana. Pale palikuwa ukutani, mkabala na kiti cha mama. Kuta nyingine zote zina makabati.

Alipolifungua blanketi, chumba kikajaa harufu ya moshi na unyevu, harufu ya Mwanda kabisa, kule milimani kwa Nyanya, mpaka nikashika mlango. Mwanamke ameketi kwenye kigoda. Uso wake ni wa kijani, shingo ni nyekundu ya bati la paa, na nywele ni nyeusi tititi. Jicho moja linakutazama wewe, la pili linatazama pembeni. Midomo imebanwa, mashavu yamejaa. Mkono mmoja umelala pajani. Wa pili umenyanyuka kidogo kutoka gotini, mkubwa kupita kiasi, vidole vimefunguka. Watu wakiiona picha hii huanza kwa kucheka, halafu hunyamaza, halafu huuliza chai iko wapi.

"Huyu Nyanya alikuwa anaumwa jino, ama?" ndugu yangu akauliza, kama anavyouliza kila mara.

"Wewe ulikuwepo siku hiyo," nikamwambia. "Tumboni."

Akacheka, akaenda kushusha mabati yake uani na kuyahesabu. Mama hakucheka. Mama aligeuza uso akatazama dirisha, ingawa dirishani hakuna kitu ila malori ya barabara kuu na vumbi lake. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kila tulipopanda Mwanda, alikuwa anachagua kiti cha kuipa picha ile mgongo. Hata siku ya mazishi ya Nyanya alikaa hivyo, mgongo kwa picha, uso kwa waombolezaji. Mama yangu na picha hii wana kesi ya miaka mingi, na mimi ndiye shahidi pekee aliyebaki. Basi kaa nikueleze, kwa sababu nikifa mimi, itabaki picha ya mwanamke anayeumwa jino.

Nililelewa Mwanda na Nyanya, mama yake mama. Wazazi wangu walikuwa hapa Voi, chumba kimoja karibu na stesheni ya zamani, na joto la Voi lilinitoa vipele mwili mzima. Nikapandishwa milimani nipoe. Nyanya na mama walikuwa hawasemezani wakati huo, lakini Nyanya alinipokea mikono miwili. "Mtoto hana kesi," alisema, na hilo likaisha.

We! Mwanda ya wakati ule. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia jikoni bila kubisha, unachanganyika na moshi, huoni sufuria mpaka uiguse. Kuni zilikuwa mbichi daima. Nyanya alikuwa anapuliza moto huku anausema, anauita mvivu, anauita mkwe asiye na faida, mpaka unawaka kwa aibu. Kabla ya shule nilikuwa nakata nyasi za ng'ombe kwenye matuta, umande unanilowesha hadi kiunoni. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na ikigongwa unaisikia bonde zima. Jioni tulikula kimanga, maharage na muhogo na ndizi zimepondwa pamoja hadi mwiko unasimama wenyewe. Nyanya alikuwa ananiambia, "Kula, mlima haupandwi na tumbo tupu." Siku hizi nikipika kimanga kinatoka kama uji wa mgonjwa. Sijui nakosea wapi, na wa kumuuliza hayupo.

Ugomvi wao ulikuwa hivi. Mama alikuwa ameposwa na mtu wa mlima wa pili. Wazee walikuwa wamekaa, pombe ya mbangara imenywewa, maneno yamekubaliwa. Kisha mama akashuka Voi kumsaidia shangazi yake kuuza mboga sokoni, na hakurudi. Alimpata baba, kijana wa reli, Mwislamu, watu wake ni wa pwani. Akasilimu, akaolewa. Nyanya alizipata habari hizo kanisani, amekaa benchi la mbele na kitambaa chake cheupe, kutoka kwa mwanamke wa benchi la nyuma aliyeinama kumnong'oneza. Wengi walidhani kilichomuuma ni msikiti. Hapana. Kilichomuuma ni kuambiwa na watu. "Mwanangu alikuwa na mdomo," alikuwa anasema akichambua maharage. "Kwa nini nilisikia kwa mdomo wa mwingine?"

Hapo inabidi nikueleze jambo la kwetu. Sisi Wataita tulikuwa na kitu kinaitwa kutasa. Mzazi wako akiwa na hasira nawe, hata asipofungua kinywa, hata akikupa chai na kucheka nawe, hasira ile iliyokaa moyoni inaweza kukufuata. Mifugo inakufa, mtoto anaugua, mimba zinatoka. Hajakulaani. Pengine yeye mwenyewe hajui kama anayo. Dawa yake ni moja. Unakwenda kwake, unaketi chini, unasema shida yako. Yeye anachukua funda la maji, analishika mdomoni mpaka moyo ulegee, kisha analipuliza nje, pfuu, mbele yako, na kusema: kama nilikuwa na hasira, imetoka. Ikiwa moyo haujalegea, asipulize. Kupuliza kwa uongo ni vibaya kuliko kukataa. Kanisa lilikuwa halipendi mambo haya, na Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, lakini hakuna mtu mlimani aliyekuwa hajui kutasa, hata wale wa kwaya.

Sasa mwalimu. Shuleni kwetu aliletwa kijana wa kufundisha sanaa na ufundi, mtu wa magharibi huko, mbali, haelewi Kidawida, lugha yetu, hata cha salamu. Alipanga kijumba cha Nyanya cha nyuma. Alikuwa mrefu, mpole, viatu vyake vinanyonya matope, na anachora. Lakini si kuchora kama kwa mabango ya dukani, ng'ombe akawa ng'ombe. Yeye alimchora ng'ombe wetu pembe zikiwa ndefu kuliko miguu, na Nyanya akamwuliza kama kwao ng'ombe wanatembelea pembe. Mwalimu akasema, "Mama, nachora vile anavyotisha." Nyanya alicheka hadi akashika ubavu. Nadhani ndipo alipompenda.

Akamwomba amchore yeye. "Unataka kuchora uzee?" Nyanya akamwuliza, lakini usiku ule alinituma nimchagulie leso. Ubao ulikuwa kipande cha dari kilichobaki walipojenga darasa jipya. Rangi nazo zilikuwa mabaki ya mikebe ya shule: kijani ya ukutani, nyekundu ya paa, nyeusi ya ubao wa kuandikia, na nyeupe kidogo ya madirisha. Kwa hiyo ukisikia msomi akikueleza kwa nini uso wa yule mama ni wa kijani, msikilize kwa adabu, lakini jua kwamba kahawia haikuwepo. Ingawa mwalimu mwenyewe, majirani walipomcheka, alisema mtu hana rangi moja, inategemea anawaza nini.

Shida ilikuwa Nyanya hakujua kukaa bure. Mikono yake haikuwahi kulala mchana. Mwalimu akisema atulie, yeye anaokota maharage, anafukuza kuku, anasuka ukili wa kikapu. Wakaafikiana: Nyanya aendelee na kazi zake, na mwalimu akiona mkao anaoutaka aseme, "Hapo!" Akisema hapo, Nyanya anaganda palepale, iwe ameinua ungo, iwe amefungua mdomo kunikemea. Aliupenda mchezo ule kama mtoto. Alikuwa hodari. Nzi anatua puani, hapepesi. Mimi na watoto wa jirani tukauiga, tukawa tunaucheza njiani tukitoka kisimani, "Hapo!", na maji yanatumwagikia. Nakumbuka nilikuwa nafikiri hakuna nyumba yenye raha kama yetu.

Basi mama akaja. Hakuna aliyemtarajia. Palikuwa na gari moja tu kwa siku, lilipanda Mwanda asubuhi na kushuka Voi saa nane mchana, na kabla ya kuondoka dereva alikuwa anapiga honi pale njia panda, ndefu, wa kuchelewa ajilaumu. Nilimwona mama akishuka mteremko na kikapu kichwani, buibui limefungwa kiunoni asilichafue, tumbo limeanza kuonekana. Nilikimbia nikamkumbatia miguu. Alinukia sabuni na mafuta ya nazi. Aliniondoa taratibu. "Ngoja kwanza, mwanangu."

Nyanya alikuwa kwenye kigoda chini ya paa la jiko, mwalimu amesimama pembeni na ubao wake. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Mama akaweka kikapu chini, akavua viatu, akaketi juu ya udongo mbele ya mama yake, miguu ameinyoosha, kichwa ameinamisha, kama inavyotakiwa. Yule alikuwa mtu wa kanisa na huyu wa msikiti, na dini zote mbili zilibaki pale kwenye viatu. Akasema kwa Kidawida, sauti ya chini, kwamba mimba mbili zimetoka tangu mimi nizaliwe, na hii ya tatu anaiogopa. "Nimekuja unitasie, mama."

Nyanya akaniambia nilete maji. Nikayaleta kwenye kata, nusu nikayamwaga njiani. Akayapokea. Akatazama kichwa cha mwanawe kilichoinama, akatazama tumbo, akachukua funda. Mashavu yakajaa. Niliona uso wake ukianza kufanya kitu ambacho sikuwahi kuuona ukifanya, unalegea kuanzia kwenye paji.

Na mwalimu, Mungu amsamehe popote alipo, mwalimu ambaye hakujua neno hata moja la yaliyosemwa, aliyedhani ni mgeni tu ameomba maji yakaletwa, akauona uso ule akapiga kelele: "Hapo!"

Na Nyanya akaganda.

Ni mazoea tu, nitakwambia. Ama si mazoea. Jicho moja lilibaki kwa mama, jingine likamwendea mwalimu, nusu limkemee, nusu limtii. Wasomi wakija na hilo la macho pia, waambie ndivyo yalivyokuwa. Kisha mkono wake wa kulia ukanyanyuka kutoka gotini, polepole, vidole vimefunguka kuelekea kwa mama. Hakuweza kusema, mdomo umejaa. Mwalimu anachora upesi upesi. Mama ameinamisha kichwa, anangoja matone yamwangukie. Yaliyomjia ni kimya. Kwake kimya kile kilikuwa na maana moja tu, kwa sababu kwetu sote kina maana moja: moyo umekataa.

Honi ikalia njia panda.

Mama akainuka. Akapangusa udongo kwenye buibui, akavaa viatu vyake bila kumtazama mtu. "Nimeelewa, mama," akasema kwa Kiswahili, na hilo la Kiswahili ndilo lililouma, maana kwa Kiswahili alikuwa anasema na wageni. Akapanda njia. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya migomba Nyanya aliposimama kwa ghafla, kigoda kikaanguka, akayapuliza yale maji, pfuu, kuelekea njiani, juu ya nyayo za mama. Akasema maneno yote, mpaka mwisho, akiwa amesimama peke yake katikati ya kuku. Mwalimu alisimama na brashi mkononi, mdomo wazi.

Mimi nilikimbia. Nilipanda mteremko ule kwa miguu mitupu mpaka njia panda, nikamkuta mama ameshakaa dirishani. "Mama! Nyanya amepuliza! Amepuliza, nimeona!"

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Amempulizia nani?" akasema. "Mimi niko hapa. Maji ya kisogoni si maji, mwanangu." Na gari likaondoka.

Unajua kilichofuata? Mtoto alizaliwa mzima. Mnene, kelele nyingi, ndiye huyu anayehesabu mabati nje. Wazee wakasema yale maji yalimfikia. Mama akasema ni Mungu, alhamdulillahi, na maji hayakuwa na kazi yoyote. Nyanya akatuma mtu kumwambia aje tena, aje na mtoto. Mama akajibu kwa yule yule aliyetumwa: "Mwambie nimeshajifungua salama, ahsante." Na kutasa haipelekwi kwa mtu mlangoni kama maziwa, lazima aiombe. Basi ikakwama hapo. Mama aliendelea kutuma sukari kila mwezi. Nyanya aliendelea kutuma ndizi na maharage. Wakikutana matangani walikuwa wanasalimiana vizuri sana, vizuri mno, unaona kabisa watu wawili wanabeba kabati refu mlangoni na kila mmoja anaogopa kuligonga. Inachosha, adabu ya namna ile. Niliibeba katikati yao utoto wangu wote, kikapu cha kwenda na kikapu cha kurudi.

Mwalimu alikuja kuambiwa na jirani alichokifanya. Alikuja jikoni amejikunja, akataka kupaka nyeupe juu ya picha aifute yote. Nyanya akamkataza. "Usiiguse. Ndivyo nilivyokuwa." Mwishoni mwa mwaka akahamishwa, akaiacha. Nyanya akaitundika mkabala na mlango, ukiingia tu mnaonana. Majirani waliuliza ana nini mdomoni, akawajibu, "Nangoja." Waliuliza mbona mkono mkubwa hivi, kama mwiko wa arusi, akaendelea kuchambua maharage. Wote waliamua kijana yule alikosea mkono, na mimi pia kwa muda mrefu niliamini hivyo. Mtoto huona mambo mengi, halafu watu wazima humsaidia kuyasahau.

Mara moja tu alinizungumzia. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari, tunamenya muhogo, mvua imetufungia ndani. Akasema bila kuulizwa, "Mpaka leo sijui ni mwalimu aliyenizuia ama ni moyo." Nikamwambia ni mwalimu, Nyanya, nilikuwepo. Akatikisa kichwa. "Alisema hapo, nami nikafurahi kidogo. Umesikia? Kidogo tu. Nikasema na anyamaziwe kidogo, kama alivyoninyamazia mimi. Nilikuwa najua nitapuliza. Nilitaka tu angoje." Akaendelea kumenya. "Maji ukiyakawiza mdomoni yanageuka mate, mjukuu wangu. Huyajui tena."

Alifariki picha ikiwa bado mkabala na mlango. Nyumba ikabaki na mjomba, mjomba naye akaondoka, mvua ya mwaka jana ikashusha upande mmoja wa paa. Ndugu yangu ameamua kujenga ya mawe. Ana haki. Hakuna mtu mwenye nguvu ya kuishi na moshi tena. Nilipanda mara ya mwisho kabla hawajaibomoa, na hata jiko lenyewe sikuliona dogo kama watu wanavyosema huona vitu vya utotoni. Niliona limechoka, kama mimi.

Basi picha ikakaa hapa sebuleni, na mama akatazama dirisha. Jumapili dirisha, Jumatatu dirisha. Shingo ikaanza kumuuma, nikawa namkanda mafuta jioni huku namwambia, "Mama, niseme waiondoe?" Hanijibu. Nawe unamjua mama yangu sasa: amekaa na watu wa pwani umri wake wote, Kiswahili chake kimenyooka, sala hazimpiti, lakini akikasirika ni Mtaita wa Mwanda, hasemi. Nilikuwa nimeshaamua kuihamishia chumbani kwangu, nilale na Nyanya, potelea mbali.

Juzi alasiri nimemletea uji, nikamkuta amesogeza kiti. Mwenyewe! Sijui alikisukuma vipi. Tangu atolewe mtoto wa jicho anaona hata sindano. Amekaa ana kwa ana na picha, magoti yake karibu yaiguse, ameinua uso anaitazama. Wameketi mkao mmoja, wanawake wawili, na yule wa kiti amekuwa mzee kuliko yule wa ukutani. Nikasimama na kikombe changu.

"Huu mkono," akasema. "Nani aliuweka?"

"Mwalimu, mama."

"Sikuulizi nani aliupaka. Nauliza, mkono wenyewe ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Aliunyanyua. Wewe ulikuwa umeinama."

Lori likapita, madirisha yakatetemeka. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, wenye mishipa na madoa, akauweka karibu na ule wa picha, vidole kwa vidole, bila kuugusa.

"Wallahi, alikuwa ananiambia ningoje," akasema. "Miaka yote hii nimesema alinikataa. Na huyu hapa, anasema ngoja."

Nilitaka kumwambia kile Nyanya alichoniambia tukimenya muhogo, kwamba alitaka angoje kidogo, kwa makusudi kidogo, kwamba haukuwa mkono safi moja kwa moja. Sikusema. Hata mikono ya mapenzi huwa na udongo kucheni, na mama hajauliza hilo.

"Niletee maji," akasema.

Nilifikiri ni ya vidonge. Nikaleta bilauri na vidonge vyake kwenye kiganja. Vidonge hakuvitazama. Akachukua funda. Mashavu yake yaliyolegea yakajaa, na nikamwona, rafiki yangu, nikamwona Nyanya mara mbili, mmoja wa kijani na mmoja wa nyama. Nikaanza kulia kabla hajafanya lolote. Akalishika kwa muda, amefumba macho. Kisha akalipuliza, pfuu, lote, juu ya ule uso.

"Kama nilikuwa na hasira nawe, mama, imetoka," akasema kwa Kidawida. Sikuwa nimemsikia akisema Kidawida tangu mazishi ya Nyanya. "Nimechoka kumkasirikia marehemu. Imetoka yote."

Ndugu yangu alichungulia mlangoni akauliza kama tunaosha picha. Kisha akarudi kwa mabati yake. Maji yalitiririka polepole juu ya ile kijani ya ukuta wa shule, yakapita kwenye mashavu yaliyojaa, yakakusanyika kwenye vidole vya ule mkono na kudondoka sakafuni. Sikuyafuta. Nilikuwa nawaza kwamba hapa Voi, kutoka stesheni hadi barabarani, sijui kama utapata mtu mwingine wa kukufanyia hivyo. Wanangu wako mbali, wakikosana wanafungiana simu. Mimi mwenyewe nina mambo moyoni mwangu, na sijui nani ataniletea maji. Kengele ya chuma cha reli iliibwa ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Ukungu wenyewe, ndugu yangu anasema, siku hizi unachelewa.

Mama alijipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Nikamwuliza kama nirudishe kiti mahali pake, akakataa. Alibaki anaitazama picha ikikauka, ametulia kabisa, mikono pajani. Muda ulipita nikadhani amesinzia. Nikaanza kuondoa bilauri taratibu.

"Nilisikia honi," akasema. "Nikaona gari litaniacha."

"Najua, mama."

"Hujui." Hakugeuka. "Kesho yake kulikuwa na gari lingine."